Msiwafungie Mabinti Siku ya Holi: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu vya India

Waheshimiwa Wakuu wa Vyuo, pamoja na matroni na wasimamizi wa hosteli za wanafunzi wa kigeni,

Nawaandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wenu hamuisomi, lakini wanaoisoma mnao madarasani mwenu. Wametoka Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Kampala na Lubumbashi, nao wako Delhi, Pune, Bengaluru na Punjab wakisomea uhandisi, famasia, uuguzi na biashara. Takwimu za serikali yenu kuhusu elimu ya juu zilihesabu wanafunzi wa kigeni zaidi ya 46,000 katika mwaka wa masomo wa 2021–22, kutoka nchi 170. Mabinti waliomo katika hesabu hiyo ndio walionifanya nishike kalamu, na nataka wao na wazazi wao waelewe kila neno bila kutafsiriwa. Ombi langu ni moja: acheni kufunga milango ya hosteli za wasichana siku ya Holi. Badala yake, ifanyeni Holi iwe salama ndani ya viwanja vya vyuo vyenu, ili binti anayetaka kuicheza aicheze, na asiyetaka aachwe na amani yake.

Nianze na jambo lililo katika kumbukumbu za umma. Mwaka 2017 Holi iliangukia tarehe 13 Machi. Hosteli mbili za wasichana za Chuo Kikuu cha Delhi zilitangaza kufunga milango, na mojawapo, ile iliyotengwa kwa wanafunzi wa kike kutoka nje ya India, ilitangaza kwamba kuanzia saa 3 usiku wa tarehe 12 hadi saa 12 jioni ya siku iliyofuata, mkazi yeyote asiingie wala asitoke. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wao. Marufuku za namna hiyo zilikuwa tayari zinalalamikiwa: tangu 2015 wanafunzi wa kike wa Delhi walikuwa wamejikusanya katika vuguvugu la Pinjra Tod kupinga saa za kufungiwa hosteli, saa ambazo wenzao wa kiume hawakuwekewa kwa kiwango kilekile. Siwatuhumu waliotoa tangazo lile kwamba walikuwa na nia mbaya. Naamini waliogopa kwa dhati. Ila anayeogopwa ni mwanamume aliyeko barabarani, na aliyefungiwa ni msichana aliyetoka nchi ya mbali kuja kuijua India.

Kwa wasomaji wa huku kwetu, ambao wengi Holi wameiona kwenye filamu tu, ni haki kueleza kile anachokosa binti huyo. Holi huja na mwezi mpevu wa Phalguna, aghalabu Machi, baridi ya kaskazini mwa India inapokwisha. Usiku wa kuamkia siku ya rangi huwashwa moto mkubwa kukumbuka kisa cha Prahlad, mtoto aliyekataa kumwabudu baba yake, mfalme Hiranyakashipu. Shangazi yake Holika, aliyekuwa na kinga dhidi ya moto, alimpakata akaingia naye motoni kwa amri ya mfalme. Akateketea yeye, mtoto akatoka mzima. Asubuhi yake watu hutoka wakiwa na gulal, ule unga wa rangi, na mabomba ya pichkari yaliyojaa maji ya rangi, wakapakana mashavuni na kukumbatiana, wakakirimiana vitafunio vitamu vya gujiya na kinywaji cha maziwa cha thandai. Ikifika alasiri watu wameshaoga, wamevaa nguo safi na kuanza kutembeleana, na waliokuwa hawasemezani hupata sababu ya kubishiana hodi. Hapo ndipo mgeni anapoingia nyumbani kwa mwanafunzi mwenzake, akamjua mama yake na jikoni kwake. Digrii ya miaka mitatu au minne inaweza kupita yote baina ya darasa, maktaba na kantini bila mlango huo kufunguka hata mara moja.

Tena Holi ina jambo ambalo sikukuu nyingine hazina kwa kiwango hicho, nalo ndilo kiini cha hoja yangu. Mwanaanthropolojia wa Marekani McKim Marriott, aliyeishi katika kijiji cha Uttar Pradesh alichokiita Kishan Garhi mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika makala iliyochapishwa 1966 kuhusu Holi aliyoishuhudia akiwa mgeni. Alikuta mambo ya kila siku yamepinduliwa. Wake wa vibarua wa mashambani waliwacharaza kwa fimbo miguuni wakulima wenye mali waliowaajiri waume zao. Yeye mwenyewe, msomi wa kigeni aliyepewa heshima mwaka mzima, alichezeshwa njiani akiwa amevishwa koja la viatu vikuukuu. Marriott aliona katika fujo ile mpango uliokusudiwa: siku moja katika mwaka aliye chini hupanda juu, na aliye juu huonjeshwa hali ya mwenzake. Hadi leo Barsana, mji wa Radha, mpenzi wa mungu Krishna, karibu na Mathura, wanawake huwapokea wanaume wa mji jirani wa Nandgaon kwa magongo, na wanaume hao huchutama chini ya ngao zao huku watu wakishangilia. Gongo liko mkononi mwa mwanamke, kwa desturi na kwa dini. Basi chuo kinapowafungia wasichana na kuiacha barabara mikononi mwa vijana wa kiume, kinaondoa katika Holi kile kilichoifanya iwe Holi. Siku iliyokusudiwa kumpa mnyonge nafasi inageuzwa kuwa siku ambayo mnyonge amebanwa kuliko siku nyingine yoyote.

Sisemi hatari haipo. Machi 2023 video ilienea duniani ikimwonyesha msichana mtalii kutoka Japani akiwa amezingirwa na wanaume katika mtaa wa Paharganj, Delhi, wakimshikashika na kumpaka rangi kwa nguvu, mmoja akimpasulia yai kichwani. Polisi waliwakamata watu watatu, mmoja wao akiwa hajafikia umri wa utu uzima. Wanafunzi wenu wa kike, wa kigeni na wenyeji, wanajua pia kwamba mambo hayasubiri siku yenyewe: siku kadhaa kabla, puto za maji huanza kurushwa kutoka kwenye mapaa na pikipiki, na anayelalamika hujibiwa kwa msemo uleule kwamba asikasirike, ni Holi. Kwa msichana Mwafrika kuna hofu ya ziada. Januari 2016 mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na umati mjini Bengaluru, akavuliwa nguo, kwa sababu tu dereva mwingine Mwafrika, raia wa Sudan, alikuwa amemgonga na kumuua mwanamke eneo hilo muda mfupi kabla. Haikuwa siku ya Holi. Lakini mzazi wa Mwanza au Malindi anayesikia kwamba mabarabara ya mji anaoishi bintiye yatajaa umati uliolewa hawezi kulisahau tukio lile, na asilaumiwe kwa hilo.

Kutoka hapo ndipo mnapopata hoja yenu iliyo nzito kuliko zote: tumekabidhiwa watoto wa watu, na likitokea la kutokea tutawaambia nini wazazi wao? Naiheshimu hoja hiyo, lakini haibebi uzito wa kufuli. Marufuku ya saa 21 haimlindi binti dhidi ya puto la wiki iliyotangulia, wala dhidi ya mwanafunzi mwenzake wa kiume anayeishi ndani ya uzio huohuo wa chuo. Aliyekuwa nje mlango ulipofungwa anabaki nje. Tangazo la 2017 lilizuia hata kuingia. Yule aliyekuwa akimnyanyasa naye hakuguswa na chochote. Amejifunza kwamba akitisha vya kutosha, chuo kitamwondolea wasichana njiani. Kisha kuna sheria yenu wenyewe. Tume ya Ruzuku ya Vyuo Vikuu, UGC, katika Kanuni zake za 2015 kuhusu unyanyasaji wa kijinsia vyuoni, inasema wazi kwamba usalama wa wanafunzi wa kike usifanywe kisingizio cha kuweka katika hosteli zao masharti ya kibaguzi yasiyowekwa kwa wavulana, na kwamba sera za usalama zisizae upekuzi wala kubana uhuru wa kutembea. Kanuni hizohizo zinadai kila taasisi iwe na kamati ya kupokea malalamiko. Nayo sheria mpya ya makosa ya jinai, inayotumika tangu 1 Julai 2024, katika kifungu cha 74 inampa anayemshambulia mwanamke kwa nia ya kumvunjia staha kifungo cha kuanzia mwaka mmoja hadi mitano. Nyenzo zipo. Zinazokosekana ni kamati iliyo kazini siku ya Holi na namba ya simu inayopokelewa.

Mtasema chuo si polisi, na barabara ya mji si mali ya makamu mkuu wa chuo. Ni kweli, ndiyo maana nazungumzia viwanja vyenu, na mfano mnao nyumbani. Visva-Bharati, chuo alichokianzisha Rabindranath Tagore huko Shantiniketan mwaka 1921, kiliigeuza siku hii kuwa Basanta Utsav, sikukuu ya majira ya kuchipua: wanafunzi wa kike na wa kiume wakiwa katika mavazi ya manjano, nyimbo na ngoma kwanza, kisha rangi kavu ya abir. Kwa miongo mingi watu walisafiri kutoka Kolkata na mbali zaidi kuishuhudia. Umati wa nje ulipokua kupita kiasi katika miaka ya karibuni, chuo kiliacha kuifanya wazi kwa umma na kuirudisha kwa jumuiya yake. Tazameni kilichofanyika pale: mlango ulifungwa mbele ya umati, na wanafunzi wakaachiwa uwanja. Nyinyi mnaofunga hosteli mnafanya kinyume chake.

Kinachohitajika si kikubwa. Uwanja mmoja wa chuo, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, kwa vitambulisho vya chuo. Rangi kavu inayonunuliwa na chuo chenyewe, iliyotokana na mimea kama maua ya palash na manjano, kwa kuwa poda za bei rahisi sokoni huwa na kemikali zinazochoma ngozi na macho. Mwanafunzi wa kigeni anahitaji kuambiwa mapema yale ambayo mwenyeji ameyajua tangu utotoni: ajipake mafuta ya nazi mwilini na kwenye nywele kabla ya kutoka, afunge nywele zake za kusuka kwa kitambaa maana rangi ikishaingia kwenye msuko haitoki kwa urahisi, avae nguo atakazoweza kuzitupa, na aulize kilichomo ndani ya thandai kabla ya kunywa, kwa sababu huenda imetiwa bhangi. Aambiwe pia kwamba treni za metro mjini Delhi huwa hazitembei siku hiyo hadi saa 8:30 mchana. Msichana aliyealikwa kwa rafiki yake upande wa pili wa mji atahitaji basi la chuo la kumpeleka na kumrudisha. Walinzi wa kike wawepo. Na sharti la kwanza kabisa, litangazwe kwa Kihindi na kwa Kiingereza langoni: mtu asiguse mwili wa mwenzake wala kumpaka rangi bila ridhaa yake, na atakayekiuka atatolewa uwanjani na kupelekwa mbele ya kamati. Kwa watakaotaka kutoka nje ya chuo hata hivyo, hao ni watu wazima wenye pasipoti na viza walizoziomba wenyewe. Washaurini, waandikieni namba za dharura, kisha muwaache waamue.

Ridhaa ninayoitaja ina upande wa pili, nao kwa watu wetu wa pwani ni mzito vilevile. Miaka mitatu mfululizo, 2024, 2025 na 2026, Holi imeangukia ndani ya Ramadhani. Mwaka 2025 ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Machi. Misikiti kadhaa ya Sambhal na Shahjahanpur ilifunikwa kwa maturubai, na afisa mmoja wa polisi wa Sambhal aliwaambia hadharani wasiotaka kurukiwa na rangi wabaki majumbani, kwa kuwa Ijumaa ziko 52 kwa mwaka na Holi ni moja. Nawaomba mlitazame neno hilo kando ya tangazo la hosteli. Mantiki ni ileile: asiyetaka kuguswa ndiye ajifiche, na anayegusa ndiye mwenye barabara. Mwanafunzi wa Kiislamu kutoka Pemba au Lamu, aliyefunga na anakwenda msikitini, ana haki ya kupita katikati ya kampasi yenu siku ya Holi na kanzu yake nyeupe ikabaki nyeupe. Mkiweza kumhakikishia hilo, mtakuwa mmeshamhakikishia msichana usalama wake, kwa maana kanuni inayowalinda wote wawili ni moja. Mkishindwa, Holi yenu ya chuoni haitakuwa ya hiari hata kwa wanaoipenda.

Wapo watakaokereka kwa sababu nyingine: mgeni ni nani hata awapangie wenyeji namna ya kucheza sikukuu yao? Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni mwenye adabu huvifuata vya mwenyeji. Lakini wanaoibadilisha Holi ni wenyeji wenyewe, tena kwa kuwapa nafasi wale walionyimwa. Wajane wanaoishi Vrindavan, ambao desturi iliwavika nguo nyeupe na kuwatenga na rangi maisha yao yote, walianza kuandaliwa Holi mwaka 2013 na shirika la Sulabh International. Mwaka 2016 wakaicheza ndani ya hekalu la Gopinath, wakirushiana gulal na maua. Waliofanya hivyo ni Wahindu, katika mji mtakatifu wa Krishna, na Holi haikupungua chochote kwa wajane kuingia. Kama desturi ya karne nyingi iliweza kumfungulia mjane mlango, tangazo la matroni haliwezi kuwa gumu kuliko desturi hiyo. Na anayedai kwamba kuwashikashika wanawake ni sehemu ya Holi ndiye anayeitukana sikukuu hiyo, si mgeni anayelalamika.

Kwa wazazi wa huku nyumbani nina maneno machache, kwa sababu baadhi yao wataliunga mkono kufuli, wengine kwa hofu na wengine kwa dini. Wa hofu nimeshawajibu. Wa dini nawaomba watofautishe ibada na ujirani. Moto wa Holika una maombi yake na waumini wake, na hakuna anayemlazimisha Mkristo au Mwislamu kuuzunguka. Kupakwa rangi shavuni na rafiki na kula gujiya kwa mama yake ni jambo jingine, na kila mwanafunzi ataweka mpaka wake kwa dhamiri yake. Mahekalu ya Kihindu yako Kisutu, Dar es Salaam, na Mji Mkongwe wa Zanzibar, na vizazi vya majirani Waislamu na Wakristo vimeishi kando yake bila kupoteza imani zao. Binti aliyekulia katika ujirani huo hapaswi kuelezwa na chuo cha India kwamba sikukuu ya Wahindu ni kitu cha kutazamwa kupitia nondo za dirisha.

Balozi zetu zilizoko New Delhi nazo zina sehemu yao. Tahadhari zinazotolewa kwa raia zikiishia kwenye maneno ya kubaki ndani zinaunga mkono kufuli. Ziviulize vyuo vinavyopokea wanafunzi wetu, hasa vinavyowapokea kwa ufadhili wa serikali ya India, maswali yanayojibika: je, kamati ya malalamiko iko kazini siku ya Holi, namba yake ni ipi, na mwanafunzi wa kigeni asiyejua Kihindi atasikilizwa kwa lugha gani? Chuo kisichoweza kujibu kisipelekewe wasichana hadi kijibu. Tangu 2023 tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lipo Zanzibar, na vijana wa pande zote mbili wanasoma pale. Uhusiano uliofika hatua hiyo unavumilia kuulizana maswali kama haya bila kuvunjika.

Waheshimiwa, Holi ya 2027 itakuwa tarehe 22 Machi. Waiteni wawakilishi wa wanafunzi wa kigeni, wa kike na wa kiume, wakae na kamati zenu za malalamiko na wasimamizi wa hosteli, mpange uwanja, saa, rangi, mabasi na walinzi, kisha mtangaze masharti ya ridhaa mwezi mzima kabla ya siku yenyewe. Atakayemdhalilisha mtu mkabidhini kwa sheria, awe mwanafunzi wenu au mpita njia. Na matangazo ya kufunga hosteli za wasichana yafuteni kwa maandishi, mwaka huu, ili matroni atakayekuja baada yenu asiyakute kwenye faili na kuyatumia tena.